MAFUTA NA MASIZI YA JIKONI: TUYAONDOE NA TUYAZUIE



Ndugu wasomaji, mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa ni dogo. Nalo ni ule utando wa mafuta na masizi unaoganda juu ya makabati, rafu na kuta za jikoni. Jumuiya inapokuja kusali nyumbani kwetu tunadeki sebule, tunatandika vitambaa vizuri na kupanga viti. Jikoni tunafunga mlango, maana wageni hawafiki huko. Lakini humo jikoni ndimo mama anamokaa saa nyingi kila siku, mara nyingi na mtoto mgongoni, na humo ndimo kinamotoka chakula tunachokula sote.

Wasomaji wetu wa Ubaruku na vijiji vingine vya bonde la Usangu wanalijua jambo hili vizuri. Ubaruku ni mji wa mpunga. Msimu wa mavuno wafanyabiashara na vibarua huwa wengi, na mama lishe hupika tangu alfajiri: vitumbua, maandazi, samaki wa kukaanga, wali na maharage. Majumbani nako, wengine hupikia kuni juu ya mafiga, wengine mkaa, na wengine sasa wana gesi. Katika majiko yote hayo, ukipitisha kidole juu ya kabati, kidole hunata. Tutaeleza utando huo unatoka wapi, kwa nini ni jambo la afya, namna ya kuuondoa bila kujidhuru, na namna ya kuuzuia usirudi.

UTANDO HUU UNATOKA WAPI

Tunapokaanga chakula, maji yaliyomo ndani ya chakula hugeuka mvuke kwa ghafla. Mvuke huo hupanda na vitone vidogo sana vya mafuta, vingine vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuviona. Vitone hivyo huelea hewani, kisha hutua mahali penye ubaridi kidogo: juu ya kabati, kwenye milango yake, kwenye wavu wa kabati la chakula, kwenye dirisha na darini. Hapo hukutana na masizi ya kuni, vumbi la barabarani na, kwa wanaokaa karibu na mashine za kukoboa, vumbi la maganda ya mpunga. Vyote hivyo hunasa kwenye mafuta na kuwa utando mmoja.

Siku ya kwanza mafuta hayo ni laini, na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni huyaondoa mara moja. Yakikaa wiki au miezi hubadilika. Mafuta mengi ya mimea huungana na hewa polepole na kuwa kama gundi, na mwisho kama rangi iliyokauka. Mafuta ya alizeti, ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayatumia sana, yana tabia hiyo zaidi kuliko mawese. Mawese nayo huganda kwa baridi, hasa kwa wenzetu wa Mbeya mjini, Makete na Njombe. Ndiyo sababu uchafu wa mwaka mzima hauondoki kwa maji matupu hata ukisugua mpaka mkono uume. Haba na haba hujaza kibaba, na jikoni ni hivyo hivyo.

KWA NINI NI JAMBO LA AFYA

Kwanza, utando huo ni chakula cha wadudu. Mende hupenda mahali penye mafuta, joto na giza, yaani nyuma na juu ya kabati. Mende hutembea chooni na kwenye takataka usiku, kisha huja kutembea juu ya sahani na vijiko vyetu. Kwa njia hiyo huweza kuleta vijidudu vya magonjwa ya kuhara. Zaidi ya hayo, kinyesi cha mende na magamba yake huweza kuamsha pumu kwa watu wenye ugonjwa huo, hasa watoto. Panya nao hufuata harufu ya mafuta.

Pili, mafuta yaliyoganda hushika moto haraka. Kabati au ukuta wenye utando mnene ulio karibu na jiko ni hatari, kwani mwali mmoja ukiruka huweza kupanda mpaka kwenye dari au nyasi za paa.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, utando huo ni alama ya hewa tunayovuta. Yale yaliyoganda kabatini ni sehemu tu ya yale yaliyokuwa hewani. Chembe kubwa hutua upesi. Chembe ndogo sana hubaki zikielea kwa muda mrefu, na sisi tuliomo jikoni huzivuta mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kama mlango wa kabati umekuwa mweusi kwa miezi mitatu, yatupasa tujiulize mapafu ya mama mwenye nyumba yako katika hali gani, na ya mtoto aliye mgongoni mwake yakoje.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na uchafuzi wa hewa ya majumbani, ambao hasa ni moshi wa kupikia. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Moshi huo huchangia nimonia ya watoto, magonjwa sugu ya mapafu, magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Huhusishwa pia na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Hata kukaanga kwenyewe kuna tahadhari yake: mwaka 2010 shirika la kimataifa linalochunguza saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitoa kitabu kinachouweka moshi wa kuni wa majumbani na moshi wa kukaangia kwa moto mkali katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Kanisa nalo limelisema jambo hili. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alipoeleza juu ya uchafuzi wa hewa aliutaja pia moshi wa kupikia na wa kuotea moto kuwa huwaletea watu maradhi. Kwa hiyo jiko la nyumbani si jambo la akina mama peke yao.

VITU VYA KUSAFISHIA

Si lazima kununua dawa za bei kubwa. Vitu vingi vinavyofaa tunavyo nyumbani au vinapatikana sokoni.

(a) Sabuni na maji ya moto. Chembe ya sabuni ina pande mbili: upande mmoja hushika mafuta na upande mwingine hushika maji. Kwa hiyo mafuta huondoka pamoja na maji. Maji ya moto huyalainisha mafuta kwanza, ndipo sabuni ifanye kazi. Sabuni ya unga, ya maji au ya mche, zote zinafaa.

(b) Majivu ya kuni. Bibi zetu walisugulia majivu kabla ya sabuni za dukani kufika, nao hawakukosea. Majivu ya kuni yana chumvichumvi ambayo ikikutana na mafuta hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni. Chekecha majivu safi, weka kikombe kimoja katika lita mbili za maji ya moto, koroga, acha yatulie usiku kucha, kisha mimina maji ya juu yaliyo safi. Hayo ndiyo ya kusafishia. Usitumie majivu ya moto uliochomewa plastiki au mbao zenye rangi.

Hapa tuwaonye wasomaji wa Ubaruku, kwa kuwa maganda ya mpunga ni mengi kwao. Majivu ya maganda ya mpunga si sawa na majivu ya kuni. Sehemu yake kubwa ni madini yaleyale yaliyomo katika mchanga na kioo. Yanasugua kwa nguvu, lakini nguvu yake dhidi ya mafuta ni ndogo. Yatakwangua rangi ya kabati na kuacha mikwaruzo ambamo mafuta mapya yatajificha, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Yaacheni kwa kazi nyingine.

(c) Magadi. Magadi yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kulainishia maharage ni adui mkubwa wa mafuta. Kijiko kikubwa kimoja katika lita moja ya maji ya moto kinatosha. Lakini usitumie magadi kwenye sufuria na vyombo vya alumini, kwani hula alumini na kuifanya nyeusi. Pia yakiachwa muda mrefu juu ya vanishi au rangi huibandua.

(d) Dodoki, kitambaa cha pamba, mswaki wa zamani na kijiti bapa cha mbao. Dodoki husugua vizuri bila kukwangua. Waya wa kusugulia sufuria haufai kwa kabati la mbao.

Siki, ndimu na limau husaidia kuondoa harufu na ukungu mweupe wa maji ya chumvi, lakini kwa mafuta mazito nguvu yake ni ndogo. Msizimalize ndimu bure.

NAMNA YA KUSAFISHA

1. Chagua siku yenye jua na upepo. Zima moto, fungua mlango na madirisha, na watoto wadogo pamoja na mwenye pumu wakae nje.

2. Toa vyombo vyote na chakula chote, ukavifunike mahali pengine. Kama kabati linabebeka, litoe nje ya jiko.

3. Jifunge kitambaa kibichi puani na mdomoni. Anza juu kwenda chini: dari, kisha kuta, kisha juu ya kabati, milango, na mwisho miguu yake. Masizi makavu yaondolewe kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukiyafagia kwa fagio kavu yatapanda hewani na utayavuta yote.

4. Palipo na utando mnene, weka kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya moto yenye sabuni, ukiache dakika 10 hivi. Mafuta yatalainika. Kisha yakwangue taratibu kwa kijiti cha mbao. Usitumie kisu wala wembe, kwani huchana mbao na huweza kukukata.

5. Sugua kwa dodoki na maji ya sabuni. Kama mafuta bado yapo, ndipo utumie maji ya majivu au ya magadi. Kabla ya hapo jaribu mahali padogo pasipoonekana, kama vile nyuma ya mlango. Ukiona rangi inatoka kwenye kitambaa, acha, rudi kwenye sabuni peke yake. Vaa mifuko ya plastiki mikononi kama huna glovu, kwa kuwa maji ya majivu na ya magadi huchubua ngozi na huumiza sana yakiingia machoni.

6. Mbao isiyopakwa rangi isiloweshwe. Kamua kitambaa vizuri, futa kufuata mkondo wa mbao, kisha kausha. Mbao ikilowa hufura na kuota kuvu.

7. Wavu wa kabati la chakula usuguliwe kwa mswaki pande zote mbili. Wavu ulioziba kwa mafuta hauingizi hewa, nacho chakula huchacha upesi.

8. Suuza kwa kitambaa chenye maji safi mara mbili, futa kwa kitambaa kikavu, acha milango wazi mpaka kabati likauke kabisa. Ndipo urudishe vyombo.

Kazi hii ni ya nusu siku kwa jiko lililokaa mwaka. Baada ya hapo, ukifuata tutakayoeleza chini, hutahitaji kuirudia kwa ukubwa huo.

MAMBO YA HATARI TUSIYAFANYE

Wako watu wanaofuta mafuta ya kabati kwa mafuta ya taa au petroli. Ni kweli hutoa mafuta, lakini ni hatari mara mbili. Kwanza, mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche ndogo, na nguo iliyolowa huweza kumuunguza mtu. Pili, mafuta hayo huwekwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hunywa. Mafuta ya taa huingia kwa urahisi mapafuni na kuleta nimonia kali. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa ASITAPISHWE, wala asinyweshwe maziwa wala mafuta ya kula kwa nia ya kutoa sumu. Kutapika hurudisha mafuta yale na kuyapeleka mapafuni. Apelekwe mara moja kituo cha afya au hospitali, pamoja na chupa yenyewe.

Wengine hutumia kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Hiyo ni kali kuliko magadi mara nyingi. Hula ngozi, macho, na koo la mtoto atakayeimeza. Haifai kabisa kusafishia kabati. Kama ikimwagikia mtu, vua nguo zilizolowa, mwagilia mahali hapo maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali. Aliyeimeza naye asitapishwe.

Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini isichanganywe na siki, ndimu, dawa ya choo wala dawa nyingine yoyote. Michanganyiko hiyo hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Mtu anayedhani akichanganya dawa mbili atapata nguvu mbili anajitafutia maradhi.

Na mafuta yakishika moto kikaangoni, usimwage maji. Maji yatageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka mpaka usoni na darini. Zima jiko kama unaweza kulifikia, funika kikaango kwa mfuniko au sinia la bati, na usikihamishe mpaka kipoe.

NAMNA YA KUZUIA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze na mambo yasiyo na gharama.

Futa kila siku. Baada ya kupika chakula cha jioni, pitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwenye milango ya kabati iliyo karibu na jiko. Ni kazi ya dakika tano, kwa kuwa mafuta bado ni laini. Kitambaa hicho nacho kifuliwe na kuanikwa juani, kwani kitambaa chenye mafuta hupaka uchafu badala ya kuutoa.

Tandika gazeti la zamani juu ya kabati, mahali pasipofikiwa na moto. Mafuta na vumbi vitatua juu ya gazeti. Kila mwezi litoe, weka jingine. Wakati wa kulibadilisha utaona mwenyewe ni kiasi gani kimetua, na utajua kama jiko lako linaboreka au la.

Kaanga kwa moto wa kiasi. Mafuta yakianza kutoa moshi yamepita kiasi: yanaharibika, yanachafua jiko na kuumiza mapafu. Futa maji kwenye samaki au viazi kabla ya kuviweka mafutani, ili mafuta yasiruke. Mafuta yaliyotumika mara nyingi huwa meusi na hutoa moshi upesi zaidi; yasiendelee kutumika kwa ajili ya kubana matumizi. Wala yasimwagwe kwenye mfereji wa kumwagilia mpunga. Yaache yapoe, yachanganye na majivu au mchanga, kisha yatupe shimoni.

Hamisha kabati. Kabati la vyombo lisikae juu ya jiko wala ubavuni mwake. Lipeleke upande wa pili wa jiko, karibu na mlango ambako hewa safi huingilia. Kama chumba ni kimoja na hakuna nafasi, basi jiko litolewe barazani wakati wa kukaanga.

Tumia kuni kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Kuni zikatwe mapema, zipasuliwe na kuanikwa, hasa kabla ya masika. Usiwashe moto kwa mifuko ya plastiki wala vipande vya matairi. Moshi wake una sumu, na masizi yake hunata kuliko mengine yote.

Toboa njia ya moshi. Hapa tunasema na akina baba. Dirisha moja halitoshi. Jiko linahitaji matundu mawili yanayotazamana, na uwazi juu chini ya paa ili moshi upande na kutoka. Jiko banifu la udongo na matofali lenye bomba la kupeleka moshi nje linahitaji kuni chache zaidi na huacha ukuta msafi. Mafundi wa matofali kwetu si haba. Baba anayejenga nyumba ya bati kwa fedha za mpunga asimwachie mkewe jiko lisilo na dirisha.

Anayeweza, aende kwenye nishati safi. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Gesi na umeme haviachi masizi darini. Ila mafuta ya kukaangia bado yataruka, kwa hiyo dirisha na kitambaa vitaendelea kuhitajika. Mwenye gesi asimamishe mtungi wima, mbali na moto wa kuni, na akisikia harufu ya gesi asiwashe kibiriti wala taa. Afunge mtungi, afungue milango, atoke nje.

Neno moja juu ya mkaa. Mkaa ukishawaka vizuri hautoi masizi mengi, na kabati huweza kubaki jeupe. Tusidanganyike. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kwa ajili ya kuota, hata kama baridi ya Juni na Julai ni kali.

MTOTO ANAYEKAA JIKONI

Kwa kuwa tumesema moshi huchangia nimonia, yafaa kila mzazi ajue dalili zake. Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, hali, halii. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi miwili hadi 11 mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi miaka mitano mara 40 au zaidi, huyo anapumua haraka kupita kawaida, nawe usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya.

Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea na ni vigumu kumwamsha, au ana degedege, hiyo ni hatari kubwa. Aende upesi, hata kama ni usiku. Kumpaka mtoto mafuta kifuani au kumfukiza majani ni kupoteza saa ambazo angetibiwa.

Na wakati wa kukaanga na kuwasha moto, mtoto mchanga asikae mgongoni wala kwenye kigoda pembeni ya mafiga. Dada, shangazi au baba amshike nje. Saa moja ya kumshika mtoto ni msaada mkubwa kwa mapafu yake.

TUSHIRIKIANE

Ndugu wasomaji, mtume Paulo anatufundisha kuwa miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kanisani tunafuta vumbi la altare kila juma. Vivyo hivyo tuitunze hewa inayoingia ndani ya miili yetu na ya watoto wetu.

Tunashauri kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ichague Jumamosi moja baada ya kusali, waende katika jiko la mjane, mzee au mgonjwa asiye na nguvu. Akina mama wa WAWATA washike madodoki, vijana wachote maji na kutoa kabati nje, na akina baba wachukue nyundo na msumeno watoboe dirisha. Kwa siku moja mzee huyo atapata kabati safi na jiko linalopumua. Wengine wakiona, nao watafanya majumbani mwao.

Leo jioni, kabla ya kulala, pitisha kidole juu ya kabati lako. Kikinata, umejua pa kuanzia. Kinga ni bora kuliko tiba.

Mungu awabariki.